Mwanza Hadi Morogoro kwa Saa Moja na Dakika Ishirini

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimejifungia dukani, nimeshusha mlango nusu, naandika haya huku nasikia watu wanacheka barazani. (Wananicheka mimi. Kwani hapa mtaani Mafiga leo kaumbuka nani mwingine?)

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Nasra, mwenye steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Mtu akisahau neno la siri, analetwa kwangu kama mgonjwa. Mtaa huu nikisema "nimeona mtandaoni", ubishi umekwisha. Yaani ulikuwa unakwisha. Kuanzia leo sijui.

Sasa sikilizeni. Mdogo wangu Mwanahawa ana mchumba, anaitwa Shija. Msukuma wa Mwanza, mwalimu, walijuana wakiwa chuo hapahapa Morogoro. Kijana ana adabu, hana makuu, na amemsubiri mdogo wangu miaka mitatu bila kulalamika. Nyumbani wote tumempenda. Kikwazo kilikuwa mjomba.

Kwetu Waluguru, baba anaweza kula pilau la posa akashiba hadi akasinzia, lakini neno halitoki kwake. Neno ni la mjomba, kaka yake mama. Na wetu ni Mjomba Kibwana wa Kinole, juu huko milimani, mwenye migomba na midalasini na msimamo. Ana kauli yake tunaijua tangu utotoni: "Mimi neno nalitoa mara moja." Akishasema ndiyo ni ndiyo, akishasema hapana usirudi tena. Hana toleo la pili. (Hili liwekeni akilini. Mimi nililiweka, likanitoka.)

Mwezi uliopita tulimpandia huko Kinole, mimi na Mama mdogo Zena, kumweleza habari za Shija. Alisikiliza vizuri hadi aliposikia Mwanza.

"Mwanza ni mbali," akasema.

"Mjomba, dunia ya leo hakuna mbali."

"Wewe mtoto, huu mlima wangu ukiwa Mafiga si unauona?"

"Nauona."

"Na mimi nikitoka hapa kuja kwenu natumia saa tatu. Pikipiki, halafu mguu pale palipobomoka, halafu gari. Saa tatu, na mlima mnauona! Sasa hiyo Mwanza hata haionekani. Mwanahawa akiumwa nitamfikia lini? Arobaini yake?"

Mama mdogo Zena akaanza kulia palepale. Mimi sikulia. Mimi nikatoa simu.

Nikaandika: Mwanza hadi Morogoro, umbali na muda wa ndege. Mtandao wa Kinole unakuja ukipenda, lakini siku ile ulipenda. Ikaja tovuti moja, safi, ina ramani na mstari mwekundu umenyooka kutoka ziwani mpaka kwetu. Kilomita mia saba na kitu. Muda wa ndege: saa moja na dakika ishirini.

"Mjomba, tazama! Saa moja na dakika ishirini! Mwanza ni karibu kuliko wewe unavyotoka hapa kuja kwangu!"

Mjomba akaishika simu kwa mikono miwili. Akaangalia ule mstari mwekundu muda mrefu. Nikaona uso unalegea.

"Kumbe," akasema. Halafu akasema lile lililonimaliza: "Basi hao wazee wake waje kwa hiyo ndege. Nishuke mwenyewe nione kwa macho yangu. Wakitua Morogoro, neno nalitoa palepale uwanjani."

(Ile tovuti, nimegundua leo, haina habari na ndege. Inapiga mstari tu. Ukiiuliza Kinole hadi Makka itakupa na dakika zake. Lakini nilikuwa nimeshashinda ubishi, nani angenizuia?)

Niliporudi mjini nikampigia Shija. "Shemeji, mjomba anataka wazee wako waje kwa ndege."

Shija akacheka kicheko kirefu. "Hakuna shida, dada. Mwambie watakuja na ndege mbili. Ya pili ni ya ng'ombe."

Ningekuwa na akili ningeuliza. Mimi nikawaza: Msukuma huyu, wana ng'ombe hawahesabiki, ndege itawashinda nini? Nikamwambia sawa. Naye akasema sawa. Juzi akapiga tena: "Dada, Jumamosi saa nne asubuhi wazee watakuwa wameshafika, inshallah."

Saa nne, nikatoa saa moja na dakika ishirini, nikapata wanaruka Mwanza saa mbili na dakika arobaini. Nikachapa ratiba. KURUKA MWANZA. KUTUA MOROGORO. NENO LA MJOMBA. Nikaipitisha kwenye mashine yangu, nikaifunika plastiki kama cheti. Ndiyo, jamani. Ratiba ya posa, imefunikwa plastiki.

Leo sasa. Saa mbili asubuhi mjomba kafika, kanzu nyeupe, koti la kijivu, kofia ya viua, na mkungu wa ndizi begani. Magoti yana matope ya pale palipobomoka. Nikampa shikamoo na ratiba. Akaisoma, akajaribu kuikunja, ikagoma kukunjika kwa sababu ya plastiki, akaishika vilevile mkononi.

Mwanahawa tukamwacha nyumbani ndani, maana mwari haendi kupokea posa yake mwenyewe. Alinishika mkono mlangoni. "Dada, una uhakika?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, nimeona mtandaoni."

Tukakodi kirikuu cha jirani, kigari chake cha mizigo. Mjomba kakaa mbele na dereva. Mimi, Mama mdogo Zena na wanawake wanne wa mtaani tukapanda nyuma na ngoma mbili na kanga kumi mpya za kutandika. Simu yangu nikaitoa mlio, isije ikaharibu wakati mjomba anasema.

Uwanja wetu wa ndege ni mdogo, mnaujua. Tulimkuta mlinzi mmoja anafukuza mbuzi.

"Shikamoo baba. Leo kuna ndege inatua?"

"Marahaba. Ipo. Saa nne."

Niliwageukia wenzangu. Nilisimama tu hivi, mkono kiunoni.

"Ni ile ya Mwanza?" akauliza Mama mdogo Zena.

"Mama, mimi naambiwa inakuja, siambiwi inatoka wapi."

Hiyo ilitosha. Tukasimama pembeni, ngoma zikaota jua, na saa nne kasoro dakika tano tukasikia mlio. Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. Ikatokea kaskazini, imeinama upande mmoja, ya njano, ikashuka ikagusa ardhi ikaruka kidogo ikagusa tena. Mama mdogo Zena akapiga kigelegele ambacho nadhani Mwanahawa alikisikia ndani Mafiga.

Hapa nikiri jambo. Niliona kwamba ndege ni ndogo. Niliona kwamba ina kiti kimoja. Wazee wanaokuja ni watatu. Akili yangu, hii inayojazia watu fomu, ikaniambia: labda wengine wamekaa nyuma. (Nyuma palikuwa na tangi la dawa.)

Akashuka mwanamume mmoja mwembamba, ovaroli ya bluu, barakoa imening'inia shingoni. Mlinzi alikuwa bado anahangaika na mbuzi. Sisi tukaingia. Ngoma zikalia, kanga zikatandikwa kutoka kwenye bawa mpaka kwa mjomba, Mama mdogo Zena akamvika yule mtu kitenge begani. Ananuka dawa mpaka macho yanawasha. Tukasema ndiyo marashi ya huko kwao.

"Karibu, karibu sana mkwe!" akasema mjomba.

Yule mtu akatuangalia wote, akaangalia kanga chini, akavua viatu. Akatembea juu ya kanga na soksi! Nikasema moyoni, angalieni adabu hiyo.

"Asanteni sana jamani," akasema. "Sikutegemea. Kazi yenyewe ndiyo hii hii tu."

"Kazi kubwa!" mjomba akamjibu. "Umetumia muda gani njiani?"

"Dakika ishirini hivi, mzee."

Mjomba akanigeukia. Macho yamemtoka. "Wewe ulisema saa moja na dakika ishirini."

Na mimi, badala ya kushtuka, nikajibu: "Itakuwa upepo ulikuwa nyuma yao, mjomba."

Upepo! Nani alinifundisha habari za upepo?

Mjomba akanyanyua mikono yote miwili, ratiba ikang'aa juani. Ngoma zikanyamaza. "Mimi Kibwana," akasema, "nilisema Mwanza ni mbali. Nimeona kwa macho yangu si mbali. Mbele ya ndugu zangu hawa, neno nalitoa. Mtoto ni wenu. Mchukueni."

Vigelegele, ngoma, Mama mdogo Zena kaanguka chini kwa furaha. Mimi machozi yananitoka. Nikasikia yule mtu anauliza, taratibu, kama anayeogopa kuharibu:

"Mtoto gani, mzee?"

"Mwanahawa."

"Mwanahawa ndiyo nani?"

Ngoma ya kwanza ikakoma. Ya pili ikapiga mara mbili peke yake, ikakoma.

"Mzee wangu, samahani," akasema yule mtu. "Hii ndege ina kiti kimoja. Siwezi kubeba mtoto."

"Kwani wewe," mjomba akasema, "hujatoka Mwanza?"

"Natoka Turiani. Tunanyunyizia dawa kweleakwelea, wale ndege wanaokula mpunga. Nimekuja kuongeza mafuta." Akatuangalia tena mmoja mmoja. "Mimi nilidhani ninyi ni wakulima, mmekuja kushukuru."

Jamani. Mnajua ule ukimya wa umeme ukikatika, mpaka friji inanyamaza? Mlinzi kafika mbio, anahema, anapiga kelele tutoke. Yule rubani, Mungu ambariki, akaanza kukikunja kile kitenge vizuri ili aturudishie. Mimi nilikuwa naangalia soksi zake. Ya kushoto ina tundu.

Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema neno moja la Kiluguru ambalo sitaliandika hapa, akalirudia, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole: "Nimemwoza mtoto wa dada yangu Turiani. Kwa mtu anayeongeza mafuta."

"Mjomba, si atakuja wa kweli, utasema tena..."

"Neno langu ni moja. Limetoka."

Nikakaa juu ya kanga. Kauli ya mjomba nimeisikia tangu nina miaka mitano, na nimemleta mwenyewe mpaka uwanjani akaitumie kwa mtu wa dawa za mpunga. Nikatoa simu niangalie saa. Simu zilizopigwa bila kupokelewa, kumi na nne. Na chini yake ujumbe wa Mwanahawa: "Dada vipi, ametoa?"

Ametoa, ndiyo. Kwa nani, ndilo suala.

Zile kumi na nne zilikuwa za Shija. Nikampigia hukohuko Mwanza.

"Dada! Mko wapi? Wazee wapo stendi ya Msamvu tangu saa mbili!"

"Stendi? Shija, si ulisema ndege?"

"Dada, lile lilikuwa utani. Sisi na ninyi si watani? Uliposema mjomba anataka ndege nikajua mmeanza kunitania. Ndiyo maana nikakwambia na ya ng'ombe."

Ya ng'ombe. Jamani, nilikuwa nimeambiwa kuna hata ndege ya ng'ombe, na nikaamini.

Tukaenda Msamvu. Mjomba mbele, ameshika ratiba. Sisi nyuma na ngoma kama tunatoka kuzika. Tukawakuta wazee wawili na bibi mmoja wamekaa juu ya mabegi, katikati ya kelele zote zile, wametulia. Baba mdogo wake Shija, rafiki yake, na yule bibi ndiye shangazi yake Shija. Viatu vyake ameviweka pembeni. Miguu imevimba mpaka vifundo havionekani.

Nilipiga magoti kumwamkia na sikutaka kuinuka. Nilisema, "Shangazi, nisamehe, kosa ni langu." Akanishika kichwa. "Mwanangu, tumefika, kosa liko wapi?"

Mjomba akashuka garini. Akasimama mbele ya wale watu. Akasalimia vizuri, akasalimiwa. Halafu akauliza lile swali nililokuwa naliogopa njia nzima.

"Mmetumia muda gani?"

Nilimkonyeza shangazi. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Hakuniona.

"Tulipanda basi jana saa tisa alasiri," akasema. "Tumeshuka leo saa mbili."

Mjomba akahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, akarudi mwanzo. "Saa kumi na saba."

"Na hapo tulipata basi zuri," shangazi akaongeza.

Nikasema moyoni, Mwanahawa, mdogo wangu, nisamehe. Miaka mitatu nimeizika kwa siku moja. Makondakta wawili walikuwa wameshasogea kusikiliza, na mama wa machungwa, na dereva wetu. Mjomba akachuchumaa. Akaitazama ile miguu ya shangazi.

"Miguu hii imevimba kwa ajili ya Mwanahawa?" akauliza.

"Sasa ingevimba kwa ajili ya nani?" shangazi akamjibu. "Mtoto wa watu haombwi kwa simu."

Mjomba akabaki amechuchumaa. Niliona anafuta jicho kwa mkono wa koti. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Yule wa leo alikuja kwa dakika ishirini. Angetuondokea kwa dakika ishirini, hata maji asinywe. Mtu wa namna hiyo akigombana na mke, anamrudisha kabla ugali haujaiva." Akainuka, magoti yakalia. "Neno nililitoa, sikatai. Lakini yule bwana hakulipokea. Neno lisilopokelewa linarudi kwa mwenyewe. Ninalo bado. Haya, pokeeni."

Shangazi akakinga mikono miwili, kabisa, kama anayepokea maji. "Tumepokea."

Mama mdogo Zena hakusubiri ngoma. Alipiga kigelegele Msamvu nzima ikageuka, mama wa machungwa akajibu, kondakta mmoja akapiga honi ya basi lisilo lake. Nikamwandikia Mwanahawa: "Ametoa." Alijibu kwa kunipigia, akawa analia tu, mimi nalia.

Mngefikiri yameishia hapo. Baba mdogo wake Shija akakohoa. "Sasa watani, neno tumepokea, lakini mmetuacha stendi kwa muda wa saa mbili na nusu tukilinda mabegi. Faini iko wapi?"

"Faini ninayo," mjomba akasema. Akanyoosha kidole. Nikageuka nyuma nione anayenyooshewa. Hakukuwa na mtu. "Siku ya kumpeleka bibi harusi Mwanza, wa kumsindikiza ni huyu. Kwa basi. Yeye njia anaipima kwa kidole, sasa akaipime kwa makalio."

Makondakta walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na ninyi mnaosoma najua mko vilevile. Shangazi kapewa kiti cha mbele cha kirikuu, mjomba mwenyewe kapanda nyuma na sisi, na ile ratiba yangu shangazi kajipepea nayo mpaka Mafiga. Anasema ni nzuri, ina plastiki, haichaniki.

Sasa hivi wako nyumbani wanakula pilau. Mimi nimekimbilia dukani, nikasikia wale wa barazani wameshapata habari yote mpaka soksi yenye tundu. Nimefungua tena ile tovuti nitafute muda wa Morogoro hadi Mwanza kwa kukaa kitako, siti ya juu ya tairi. Hawajaandika. Nikirudi nitawaandikia mimi, na asicheke mtu.